Fundi wa milango anauliza: makanisa ya kale kutoka Malindi hadi Unguja

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni fundi wa milango, mtaa wa Langoni, Lamu. Mwezi wa Desemba nasafiri kwenda Unguja kwa dadangu, na nimeamua kupita nchi kavu: Malindi, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, kisha boti. Napenda sana kazi za mafundi wa zamani, ila makanisa ya Kikatoliki nimeyaona kwa nje tu. Mimi ni Mwislamu. Je, naruhusiwa kuingia? Nikishaingia niangalie nini, nisije nikasimama katikati kama mtu aliyepotea? Na kwa kuwa siwezi kuyaona yote, ni yapi yanayostahili siku yangu?

JIBU: Waaleikum salaam, Fundi.

Kuingia unaruhusiwa. Kanisa Katoliki halimuulizi mgeni dini yake mlangoni. Nje ya saa za ibada unaingia ukatembea kwa utulivu, na hata Misa ikiwa inaendelea unaweza kuketi benchi la nyuma ukatazama mpaka mwisho. Huo ni upande wa wenyeji wako. Upande wako wewe, kama moyoni kuna swali la kifikihi, mimi si mtu wa fatwa, na Msikiti wa Riyadha uko hatua chache kutoka kwenye karakana yako kuliko Malindi niliko. Mimi nitajibu mambo ya majengo na adabu zake.

Uliuliza uangalie nini. Mgeni wa kawaida ningemwelekeza kwenye sanamu na vioo vya rangi. Wewe ni fundi, kwa hiyo nakuomba kwanza uinue macho utazame paa, ujiulize: huyu aliyejenga alivukaje kutoka ukuta huu mpaka ule?

Unajua kwa nini vyumba vya nyumba ya mawe ya Lamu ni vyembamba na virefu. Boriti ya mkoko ndiyo inayoamua. Haikuruhusu kuvuka zaidi ya mita 3 hivi, na juu yake kuna uzito wa mawe na chokaa. Ukitaka ukumbi mkubwa unarefusha, au unasimamisha nguzo katikati kama walivyofanya waliojenga misikiti yetu ya kale, na swala haiharibiki kwa nguzo maana safu inapita pembeni yake. Misa ina haja nyingine. Watu wote wanatakiwa waione meza moja iliyo mbele na kumwona padre anachofanya juu ya meza hiyo, kwa hiyo nguzo katikati ni kero. Kila aliyejenga kanisa kwenye pwani hii alikutana na swali la upana, na akalijibu kwa alichokuwa nacho: kuti, mbao, tao la mawe, baadaye chuma na saruji. Ukilishika hilo, makanisa yote ya safari yako utayasoma bila mwongoza watalii.

Anza hapa Malindi. Ukishashuka basi la kutoka Mokowe, usikimbilie matatu ya Mombasa siku ileile. Kando ya barabara ya ufukweni, kabla ya kufika kwenye ule Mnara wa Vasco da Gama, kuna kikanisa kidogo cha Wareno cha karne ya 16, kuta za matumbawe na chokaa, paa la makuti. Wengi hupita wakidhani ni banda la mtu. Wanaoingia hupiga picha moja wakatoka, kwa sababu ndani hamna mapambo ya kumshangaza aliyezoea kuona makanisa ya Ulaya kwenye simu. Wewe kaa. Hicho ni chumba ambacho fundi wa Lamu angeweza kukijenga bila kufundishwa na mtu: jiwe lilelile, chokaa ileile ya kuchoma, na paa jepesi lisilolemea kuta. Mreno alikuja na dini yake, lakini nyumba ya kusalia akaijenga kwa vitu vilivyokuwa hapa. Upana wake ni mdogo, maana waumini wake walikuwa wachache, mabaharia na wafanyabiashara waliokaa mji wa watu kwa ruhusa ya mfalme wa Malindi.

Kikanisa hiki kinahusishwa na Mtakatifu Francis Xavier, yule padre Mjesuiti, wa Shirika la Yesu, aliyetoka Lisbon mwaka 1541 kuelekea India. Meli yake ilikaa Kisiwa cha Msumbiji kusubiri upepo, kisha mwaka 1542 ikapita Malindi. Hili si la kusimuliwa tu, aliliandika mwenyewe kwenye barua aliyoituma kutoka Goa Septemba mwaka uleule. Anasema mtu mmoja wa meli yao alifariki, wakamzika hapa kwa taratibu za Kikristo, na Waislamu wa mji walipendezwa na namna maiti ilivyostahiwa. Anataja pia msalaba mkubwa wa mawe uliopakwa dhahabu uliokuwa karibu na mji. Na kuna sehemu moja ambayo nadhani itakufurahisha au itakuuma: mzee mmoja wa heshima wa Malindi alimuuliza kama huko kwa Wakristo watu bado wanakwenda kanisani, maana hapa ibada imepoa, misikiti ni 17, inayosaliwa ni 3 tu. Karibu miaka 500 iliyopita, na mzee analalamika kuhusu safu tupu. Ningetoa kitu kikubwa kuwasikia wawili hao wakizungumza, sijui kwa lugha gani.

Nje ya kikanisa kuna makaburi, mengi ni ya Wazungu waliokuja nyuma sana, enzi za Waingereza. Usiyachanganye na ya Wareno.

Mnara wenyewe uko mbele kidogo, kwenye ncha ya mwamba inayoingia baharini. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapokewa vizuri kuliko alivyopokewa Mombasa, akapewa rubani wa kumvusha mpaka India. Ule msalaba ulio juu umechongwa kwa jiwe lililotoka Ureno, na una nembo ya mfalme wao. Ule mnara mweupe wenye umbo la pia unaoushikilia ni matumbawe ya hapahapa. Inasimuliwa kwamba mwanzoni ulisimamishwa karibu na nyumba ya mfalme, watu wakanung'unika, ukaondolewa na kuhifadhiwa, kisha baadaye ukapata makao huko ufukweni. Mahali pote pawili pako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo kuna kiingilio. Chukua kitambulisho chako, bei ya Mkenya ni ndogo kuliko ya mgeni, na malipo siku hizi hufanywa kwa simu. Nenda asubuhi. Saa 8 mchana jua la pale mwambani halina huruma.

Hapo mjini kuna pia Kanisa Kuu la Mtakatifu Antoni, ambalo ni la juzi na si la kukupotezea muda kwa ufundi wake. Nalitaja kwa sababu moja: tangu mwaka 2000 Malindi ina askofu wake, na jimbo lake linachukua maeneo ya Kilifi, Tana River na Lamu. Wakatoliki wa kisiwani kwenu, wale majirani zako, askofu wao yuko hapa.

Mombasa, nenda Fort Jesus. Najua ulishawahi kwenda, kila mtu wa pwani alipelekwa akiwa shuleni. Rudi ukitafuta kitu kimoja tu, kanisa la ndani ya ngome. Lililobaki ni misingi na alama za kuta uwanjani, na watu hupita juu yake wakielekea kwenye mizinga. Wareno walianza ngome hiyo mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na wakiwa ndani ya kuta zile walitaka pa kusalia kama walivyotaka kisima na ghala. Kuna pia michoro ya ukutani waliyoichora mabaharia au askari wao, kwa mkaa na rangi nyekundu: meli, watu, wanyama. Mimi huipenda kuliko mizinga yote. Ni mikono ya watu waliochoka kusubiri.

Simulizi ya ngome hiyo huwezi kuikwepa, na inatuhusu sisi wa Malindi kwa sababu ukoo uliotawala Mombasa wakati ule ulitoka huku. Sultani Hasan aliuawa kwa njama ya Wareno, nao wakamchukua mwanawe Yusuf akiwa mtoto, wakamlea Goa kwa watawa wa Mtakatifu Augustino. Akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala. Mwaka 1631, mwezi Agosti, aliingia ngomeni, akamwua kapteni, akarudi kwenye Uislamu, na Wakristo wa mji wengi wakauawa, Wareno pamoja na Waafrika. Wakatoliki huwaita Mashahidi wa Mombasa. Ukiisoma habari hii kwenye vibao utaiona imesimuliwa kwa upande mmoja au mwingine kulingana na aliyeandika. Soma yote, kisha ukumbuke yule mtoto aliyelelewa na watu wa upande uliopanga kifo cha babake.

Kutoka ngomeni mpaka Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, barabara ya Nkrumah, ni mwendo wa miguu. Ni jengo la mwanzoni mwa karne ya 20, kazi ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu, matao ya duara, zito na la heshima. Nusu saa yatosha.

Sasa adabu, kwa sababu Mombasa ndiko utakakoingia kwa mara ya kwanza kanisa linalotumika.

Viatu huvuliwi. Utajikuta mguu unatafuta pa kuviacha, pita navyo. Kanzu haina shida, suruali ndefu haina shida. Kitakachokutatiza ni kofia. Kwa Wakatoliki mwanamume huingia kichwa wazi, ni alama yao ya heshima, kama vile kwako kofia ilivyo alama ya heshima. Ukiingia nayo sidhani mtu atakufukuza, wengi watatambua wewe ni nani. Lakini ushauri wangu ni uitie mfukoni ukiwa ndani, maana uko nyumbani kwa mtu. Kama hilo ni zito kwako, mwambie mlinzi au katekista, mwalimu wao wa dini, utakayemkuta kwamba wewe ni mgeni Mwislamu, naye atakuelekeza pa kusimama.

Mlangoni kuna chombo cha maji. Ni maji ya baraka, wao huchovya kidole wakafanya ishara ya msalaba. Wewe pita tu. Ukiona mtu anapiga goti kabla ya kuingia kwenye benchi, anapigia tabernakulo, lile sanduku lenye kufungwa, mara nyingi la dhahabu au shaba, wanamohifadhi Ekaristi, mkate uliowekwa wakfu kwenye Misa. Karibu yake kuna taa ndogo inayowaka, aghalabu nyekundu. Taa ikiwaka jua kwamba kwa imani yao mahali hapo pana hadhi ya juu kabisa. Shusha sauti, na usipande ngazi za altare, yaani madhabahu, ile meza ya mbele, hata kama hakuna mtu. Ukitaka kuona nakshi za mbele kwa karibu, muulize sakristani, mtunzaji wa vyombo vya kanisa. Wengi wao wanafurahi kupata mtu anayeuliza habari za mbao badala ya kuomba kupigwa picha.

Kama utaingia Misa ikiendelea, kaa nyuma. Watakapopanga mstari kwenda kupokea komunyo, yaani hiyo Ekaristi, wewe baki umeketi. Hili ndilo jambo la pekee ambalo mgeni asiye Mkatoliki hatakiwi kabisa kulifanya, na wageni huingia kwenye mstari kwa kufuata watu tu, wakampa padre kazi ngumu mbele ya kanisa zima. Kabla ya hapo watapeana mkono wa amani. Jirani akikunyoshea wake, upokee. Kikapu cha sadaka kikipita si lazima utie kitu.

Saa nzuri ni mara tu baada ya Misa ya asubuhi ya siku za kazi. Mlango bado uko wazi, sakristani bado yupo, na jua linaingia likiwa chini. Mchana makanisa mengi ya mjini hufungwa kwa kuogopa wezi. Kwa kuwa unakwenda Desemba, utayakuta katika majira ya Majilio, wiki nne za kungojea Krismasi: vitambaa ni vya zambarau na maua ni machache. Usidhani ni ukavu wa kila siku. Na ukipita Malindi tarehe 3 Desemba, ndiyo siku wanayomkumbuka Francis Xavier.

Ili kuvuka mpaka wa Tanzania pale Lunga Lunga, beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tanga ipite. Siku unayotaka kuitoa, itoe Bagamoyo.

Mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa wengi wao, walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Unguja, ambako misheni ilikuwepo tangu 1860. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, pembe za ndovu na watumwa wakishushwa hapo kabla ya kuvushwa. Misheni ilikomboa watumwa, wengi wakiwa watoto, kwa kuwanunua, ikawapa kijiji, shamba na shule. Nakuambia hili ukiwa fundi: walifundishwa kazi za mikono, useremala, uhunzi, uashi. Majengo ya pale ni kazi ya mikono hiyo. Kuna pango la Bikira Maria lililojengwa mwaka 1876, na inaelezwa walilijenga waliokombolewa wenyewe.

Sitakupambia habari hiyo. Waliokombolewa hawakuachiwa waende watakako. Waliishi kwa ratiba ya mapadre, sala, shule, shamba, na wapo waliotoroka. Mapadre nao walikufa kwa wingi, vijana, kwa homa. Pita makaburini usome miaka yao.

Kanisa la kwanza lilikuwa la mwaka 1872, na kilichobaki ni mnara wake. Februari 1874 Chuma na Susi, watumishi wa David Livingstone, pamoja na wenzao walifika hapo na maiti yake waliyoibeba kutoka ndani kabisa ya bara, ikalazwa katika kanisa hilo usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja; ndiyo maana mnara watu huuita wa Livingstone. Mwangalizi akikusimulia, muulize habari za waliombeba. Livingstone mwenyewe vitabu vimemtosha.

Kisha vuka uwanja uende kwenye kanisa jipya, lililojengwa kati ya 1910 na 1914. Ukisimama katikati ya mnara wa 1872 na kanisa hilo, swali langu la upana litajijibu. Miaka 40 imepita, waumini wameongezeka, mafundi wamezoea kazi. Jengo limepanuka na kuinuka, madirisha yamekua. Nyumba zetu za pwani ukuta ni mnene na dirisha ni dogo, kwa sababu tunafukuza jua. Kanisa linaliita jua ndani, linataka mwanga uangukie altare. Zima simu, keti, tazama mwanga unatua wapi.

Jumba la zamani la masista pale ni makumbusho, na lina vitu vya kutosha kukukalisha saa mbili. Kabla ya kuondoka tafuta mbuyu uliopandwa mwaka 1868. Kuna kipande cha mnyororo kimechomoza kwenye shina: mgeni mmoja wa zamani aliuzungushia mti mnyororo wa kumfungia punda wake, wakausahau, mbuyu ukaumeza. Wanaojua mbao hucheka wakiuona.

Dar es Salaam kanisa litakufuata lenyewe. Ukienda kukata tiketi ya boti ya Unguja, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu liko palepale ng'ambo ya barabara, limeikabili bandari. Wajerumani walilijenga kuanzia 1897 mpaka 1902, kwa mtindo wa Kigothi. Tao lake limechongoka juu, na huo si urembo tu. Tao la duara likiongezwa upana linazidi kusukuma kuta nje. Tao la ncha linashusha uzito kwa wima zaidi, hivyo mjenzi anapata urefu na dirisha refu bila ukuta kuwa mnene kupita kiasi. Baada ya kuona duara la Mombasa, hapa ncha utaielewa kwa macho. Vioo vyake vya rangi ni vizuri wakati wa jua la asubuhi. Boti ikichelewa, na huchelewa, unajua pa kungojea.

Unguja utaiona minara ya kanisa kabla ya kushuka. Minara Miwili, ndivyo wenyeji wanavyoliita Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na ukiuliza jina la mtakatifu wengi watakutazama tu. Lilijengwa na Wafaransa kuanzia 1893 mpaka 1898, Misa ya kwanza ikasomwa Krismasi ya mwaka huo wa mwisho. Hapa utaona kinyume cha Malindi. Kule mgeni alijenga kwa desturi ya mwenyeji. Hapa aliuleta mji wake. Ni mtindo uliopendwa Ufaransa karne ile, matao ya duara na michoro ya habari za Agano la Kale, vioo vya rangi na vigae vikatoka Ufaransa. Limebanwa na nyumba za Mji Mkongwe kiasi kwamba huwezi kupata pa kusimama ukaliona lote kwa mara moja. Ili uione minara vizuri panda kwenye dari ya nyumba yoyote ndefu ya jirani, dada yako atakuwa anamjua mtu. Mbele pakiwa pamefungwa zunguka nyuma, kuna njia ya kupitia uani kwa watawa, ubishe hodi.

Ndani, tafuta mahali nakshi ilipowekwa. Fundi wa Lamu na wa Unguja huanza kuonyesha kazi yake barazani, kwenye mlango, ili mpita njia ajue hadhi ya nyumba. Kanisa huweka kazi yake bora mwisho, mbele kabisa, na mlango mara nyingi ni wa kawaida. Kwa hiyo usivunjike moyo ukifika mlangoni. Tembea hadi mbele, kisha rudi pembeni utazame vitubio, vile vyumba vidogo vya mbao watu wanamoungamia dhambi, na zile picha 14 za Njia ya Msalaba ukutani. Katika makanisa mengi ya kale seremala aliachiwa uhuru zaidi hapo kuliko kwenye madhabahu.

Neno la tahadhari. Ukiuliza njia ya “kanisa kubwa la zamani” Mji Mkongwe, wengi watakupeleka Mkunazini. Kanisa la Mkunazini ni la Waanglikana, si la Kikatoliki. Nenda ukalione vilevile, maana limejengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa mwaka huohuo. Ndani kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Na kuna nguzo ambazo, kwa jinsi inavyosimuliwa, mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu Askofu Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha hivyohivyo. Zitazame uamue mwenyewe kama yalikuwa makosa au ujeuri.

Uliuliza yapi yanastahili siku. Malindi asubuhi moja, Bagamoyo siku nzima, Minara Miwili mara mbili: mara moja tupu, mara moja wakati wa Misa ya Jumapili, usikie sauti inavyozunguka chini ya dari lile. Mengine ni ya kupitia. Na kama siku moja Mungu atakujalia safari ya mbali, fuata njia ya meli ya Xavier. Kisiwa cha Msumbiji kuna kikanisa cha Baluarte cha mwaka 1522, kwenye ncha ya kisiwa, dari lake ni la mawe yaliyofungamanishwa kwa mbavu za matao. Ni jibu la swali la upana bila boriti hata moja, miaka 20 kabla Xavier hajapita Malindi. Goa kuna Bom Jesus, lililowekwa wakfu mwaka 1605, na mwili wake umo humo kwenye sanduku la fedha. Huteremshwa watu wauone mara moja kila miaka 10 hivi. Mara ya mwisho ilikuwa kati ya Novemba 2024 na Januari 2025, kwa hiyo una muda wa kuweka akiba.

Kupiga picha: nje ya ibada huruhusiwa mara nyingi, bila mwanga wa simu, na usimpige mtu anayesali. Wakati wa Misa usipige. Kupima, ambalo hukuliuliza lakini nawajua mafundi, omba ruhusa kwanza. Ukipewa, pima vitubio, mabenchi na milango, chora kwenye daftari. Madhabahu na tabernakulo chora kwa macho tu, kutoka ulipoketi.